Maji ya rejeta yanapungua kila wiki na chini hakuna hata tone, yanaenda wapi?

Dada mmoja wa Kimara Temboni kaniandikia, nafupisha maelezo yake: ana Toyota IST ya 2005 yenye injini ya 1NZ, anaenda nayo Posta na kurudi siku tano za wiki. Kile kitanki kidogo cha akiba anakijaza mpaka alama ya juu, wiki ikiisha kimeshuka mpaka alama ya chini, anaongeza, kinashuka tena. Nyumbani anapaki kwenye pavingi na hajawahi kuona tone la kulanti, yaani yale maji ya rangi ya kupozea injini. Gari haijawahi kuchemsha. Ila jioni akishapaki anasikia harufu tamutamu kama pipi inaungua. Fundi wa kwanza kamwambia gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya hedi (kichwa cha injini) na injini yenyewe, imekufa, anataka kufungua injini. Wa pili kasema abadili rejeta. Anauliza amwamini nani.

Dada yangu, kwa leo usimpe hela hata mmoja. Sisemi ni waongo, inawezekana kabisa mmoja wao yuko sahihi, lakini kwa ulivyoeleza hakuna aliyepima chochote, wote wawili wamefungua boneti wakaangalia wakataja spea. Na kufungua hedi ya injini ambayo haina shida ni jambo linaloniuma sana, maana injini ikishafunguliwa na mtu asiyekuwa na torki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na asiyejua mpangilio wa kukaza zile bolti, ndo ugonjwa wa gasketi unaanza hapo, unalipia tatizo ambalo hukuwa nalo.

Tuanze hapa. Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji hayaliwi kama petroli. Gari yako inabeba kama lita tano hivi zinazozunguka humohumo, kutoka kwenye injini kwenda rejeta na kurudi, na gari isiyo na tatizo inaweza kukaa miezi kile kitanki kikashuka kidogo sana. Kwa hiyo yakipungua kila wiki basi yanatoka, na njia ni chache tu: yanadondoka nje, au yanavuja kidogokidogo juu ya chuma cha moto yanakauka kabla hayajafika chini, au yanaingia ndani ya injini na kuungua. Yako, kwa ile harufu tu, mimi naanza na hiyo njia ya katikati. Kulanti ikigusa chuma cha moto inatoa hasa hiyo harufu tamu. Ingekuwa inaungua ndani ya silinda ungeisikia zaidi kwenye moshi wa ekzozi asubuhi, sio kwenye boneti jioni.

Nigusie kwanza maji ya AC kwa sababu wengi yanawachanganya. Dar hii ukipaki ukitoka kwenye foleni na AC inawaka lazima udondoshe maji chini, upande wa abiria wa mbele, na hayo ni jasho la AC tu. Maji ya AC hayana rangi, hayanati, yakikauka hayaachi alama. Kulanti inanata kidogo kwenye vidole kama soda iliyomwagika, ina rangi, ikikauka inaacha doa. Shika kwa vidole na nusa, ila usionje hata kidogo, ile ni sumu, na kama una watoto au paka nyumbani basi dumu la kulanti lifungie mbali maana utamu wake unawavutia.

Sasa kipimo cha kwanza, na hiki unafanya mwenyewe. Jumamosi asubuhi kabla hujawasha gari, injini ikiwa baridi kabisa imelala usiku mzima, fungua mfuniko wa rejeta yenyewe, sio wa kitanki. Narudia, baridi kabisa. Pale gereji kijana wangu mmoja aliwahi kufungua gari iliyotoka kuzimwa, akaweka tambara juu ya mfuniko akadhani limemkinga, maji yakaruka yakambabua mkono mpaka kwenye kiwiko, na akakaa nje ya kazi wiki kadhaa. Ukiwa na wasiwasi minya mpira wa juu wa rejeta, ukiwa mgumu au wa moto, acha.

Ukishafungua angalia maji yapo wapi. Kama rejeta imejaa mpaka shingoni na kitanki ndo kimepungua, mfumo bado unavuta maji vizuri kutoka kwenye kitanki, inayopotea ni ile akiba, na hapo tunatafuta kitundu kidogo. Kama rejeta yenyewe imepungua halafu kitanki kimejaa au hata kimezidi, hiyo ni habari nyingine kabisa, maji yanatoka kwenda kwenye kitanki lakini hayarudi. Watu wengi hawajui kama kitanki kinaweza kujaa na injini ina kiu. Wanachungulia kitanki kila asubuhi, wanaona safi, wanaondoka, siku inachemsha pale Ubungo wanashangaa.

Sababu iko kwenye mfuniko, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hii ndo spea inayodharauliwa kuliko zote. Ule mfuniko sio kizibo kama cha chupa. Una vali mbili. Ile kubwa yenye springi inabana presha, kwenye Toyota nyingi ndogo utakuta juu pameandikwa 1.1 au 108 kPa. Hapa Dar tupo usawa wa bahari, maji matupu yanachemka kwenye nyuzi 100, lakini yakibanwa kwa presha hiyo hayachemki mpaka yafike kwenye 120 na kitu. Presha ikizidi, springi inanyanyuka na maji yanapita kwenye kile kimpira chembamba kwenda kitanki. Halafu gari ikipoa maji yanasinyaa, ndani panakuwa na mvuto, ile vali ndogo ya katikati inafunguka na kuyarudisha yale maji. Sasa springi ikichoka, maji yanatoka mapema na yanaweza kuanza kuchemka kwenye joto dogo kuliko lililopangwa. Vali ndogo ikiganda, maji hayarudi, na dalili yake ni nzuri sana: asubuhi unakuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea kama chupa ya maji iliyonyonywa hewa. Na kile kimpira chembamba kikiwa kimepasuka hata sehemu ndogo, au kimekatika hakifiki kwenye maji ndani ya kitanki, badala ya kuvuta maji kinavuta hewa.

Upindue mfuniko wako uangalie raba. Inatakiwa iwe laini na iwe na duara moja safi. Ukikuta imekuwa ngumu, ina mipasuko midogo kama kisigino kilichokauka, au imebonyea mfereji mzito, huo umekwisha. Pia pitisha kidole kwenye mdomo wa rejeta pale raba inapokaa, pakiwa na uchafu uliogandia mfuniko hautabana hata ukiwa mpya. Niliwahi kuletewa Noah ya baba mmoja wa Tabata, alishabadili rejeta, alishabadili wota pampu (ile pampu inayozungusha maji), bado maji yanapungua, na muda wote huo walikuwa wanahamisha mfuniko uleule wa zamani kutoka rejeta kwenda rejeta. Tukaweka mpya wenye presha sahihi, basi, tatizo likaisha. Mfuniko bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na rejeta, na kama wa kwako haujawahi kubadilishwa tangu gari ishuke bandarini, badili tu hata kabla hujamaliza kusoma. Ila usichukue wowote unaoingia. Ukienda Gerezani au Kariakoo nenda na wa zamani mkononi, namba zifanane, na usikubali muuzaji akikwambia "huu una presha kubwa zaidi ni mzuri zaidi", maana presha ikizidi ile iliyopangwa unaenda kupasua mipira na zile plastiki za rejeta.

Cha pili ninachokishuku kwenye gari yako ni wota pampu, na kwa kweli kwa 1NZ yenye miaka hiyo ningeweka dau langu hapo. Pampu iko upande wa mikanda, yaani upande wa dereva, inazungushwa na ule mkanda wa nje. Ndani ina sili inayotenganisha maji na beringi, na chini yake kiwandani wameacha kitundu kidogo makusudi kabisa, ili sili ikianza kuchoka maji yatokee hapo yasiende kuua beringi. Mwanzoni hayatoki kwa kumwagika. Yanatoka kama jasho, yanarushwa na puli, yanatua kwenye injini ya moto na yanakauka. Ndo maana pavingi yako iko safi. Kinachobaki ni ukoko, kama chumvi iliyogandia, wa pinki kama unatumia kulanti ya pinki, wa kijanikijani au mweupe kama ni ile ingine. Chukua tochi ya simu na kile kioo kidogo cha kwenye mkoba wako, ingiza kioo chini ya puli ya pampu uangalie. Mwanga ukipiga pale ukaona michirizi mikavu imeshuka kutoka kwenye pampu, au vidoadoa vya rangi vimerushwa ukutani pale kwenye shasi karibu na mkanda, umeshapata jibu na hela ya kufungua hedi imebaki mfukoni. Ukisikia na mlio wa kukwaruza upande huo, usingoje mwisho wa mwezi, beringi ikifa mkanda unaweza kutoka, na ukitoka huo umepoteza chaji na pampu kwa pamoja.

Rejeta yenyewe nayo inawezekana, fundi wa pili hakuota. Rejeta za siku hizi katikati ni aluminiamu, juu na chini ni plastiki, na zimebanwa pamoja kwa meno ya chuma na raba. Plastiki ikizeeka inageuka kutoka nyeusi kuwa ya kahawia na inakuwa kama biskuti. Inavuja kwenye ule mstari wa meno, gari ikiwa ya moto tu, ikipoa inajiziba. Angalia mstari mzima kama kuna ukoko. Mipira pia, hasa pale klipu inapobana, na usisahau ile mipira miwili midogo inayoingia ndani ya gari kwenye hita. Dar nani anawasha hita? Ndo maana hita ikivuja hakuna anayejua. Kapeti ya abiria ikiwa na unyevu wenye kunata, au kioo cha mbele kikiweka ukungu wa mafuta wenye harufu ileile ya pipi, ni hita. Unyevu ukiwa wa maji safi ni bomba la AC limeziba tu.

Haya, gasketi. Siifichi, ipo na inaua injini nyingi, ila ina dalili zake na ina vipimo, sio kitu cha kukisia. Washa gari asubuhi ya baridi, baada ya dakika moja au mbili minya mpira wa juu wa rejeta. Injini bado haijapata moto, kwa hiyo mpira unatakiwa uwe laini. Ukiwa umeshakuwa mgumu kama tairi ya baiskeli, ile sio presha ya joto, ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Ukiwasha mfuniko ukiwa wazi, injini ikiwa baridi, ukaona mapovu yanaendelea kutoka mfululizo hayaishi, hapo nami naingiwa na hofu. Mengine ni gari kumisi (injini kutikisika kwa silinda kukosa moto) kwa sekunde chache asubuhi halafu inatulia, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu usioisha hata injini ikishapata moto, au oili imekuwa kama chai ya maziwa. Plagi moja ikitoka safi sana inang'aa wakati tatu zina rangi ya kawaida, silinda hiyo inaoshwa na mvuke. Na kuna kipimo cha uhakika, kichupa chenye maji ya bluu kinachowekwa kwenye mdomo wa rejeta injini ikiwaka, hewa ya kwenye rejeta inapita humo, ikiwa na gesi ya ekzozi ile bluu inageuka njano. Fundi anayetaka kufungua hedi yako mwombe akuonyeshe hiyo njano kwanza. Kwa maelezo yako wewe, gari haijawahi kuchemsha, na hukutaja kumisi wala moshi, gasketi naiweka mwisho kabisa.

Ukishindwa kuona kitu kwa macho, tafuta gereji yenye pampu ya kupima presha ya rejeta. Ni pampu ya mkono yenye geji, inafungwa mahali pa mfuniko, inapigwa mpaka presha iliyoandikwa kwenye mfuniko na sio zaidi, halafu mnakaa. Dakika kumi na tano, ishirini. Geji isiposhuka, huenda mfumo ni mzima na tatizo lilikuwa mfuniko. Ikishuka, maji yatajitokeza yenyewe yanapotokea, mnafuata tochi. Mfuniko nao unapimwa kwenye pampu hiyohiyo kwa adapta yake. Kazi nzima haifiki saa moja. Fundi asiyekuwa na kifaa hiki anakutibu kwa kubahatisha, hata awe na uzoefu wa miaka thelathini.

Sasa swali ambalo hukuliuliza ila lazima nikuulize mimi: unaongeza nini? Kama ni maji ya bomba au ya kisima, acha leo. Visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi, unaijua kwenye sabuni isiyotoa povu na kwenye birika lililoota magamba, na hayo magamba ndo yanaota ndani ya rejeta na kwenye hedi ya aluminiamu. Watu wanasema maji matupu yanapoza vizuri kuliko kulanti, na hilo ni kweli, maji yanabeba joto vizuri zaidi, ila hayana dawa ya kutu na hayalindi sili ya pampu, kwa hiyo unapoa leo unabadili pampu kesho. Toyota ya pinki inakuja imeshachanganywa nusu kwa nusu, unamimina kama ilivyo. Ile nzito ya kuchanganya, tumia maji yaliyotolewa chumvi yote, yale safi ya kuongezea betri, na soma chupa vizuri usije ukabeba asidi. Usiamini rangi peke yake, mtaani kuna madumu ya maji ya rangi tu, na usichanganye aina mbili bila kujua, nyingine zikikutana zinatengeneza uji. Dawa za kuziba rejeta kwa ndani mimi siziruhusu kwenye gari ya mteja wangu, zinaziba kitundu na zinaziba na njia nyembamba za hita na rejeta pamoja.

Na mtu asikutolee themostati, ile vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakishapata moto. Najua utaambiwa "hiyo ni ya nchi za baridi, huku joto haina kazi". Kwenye Toyota nyingi themostati ikifunguka inaziba pia ile njia ya mkato ambayo maji yanapita bila kwenda rejeta. Ukiitoa, mkato unabaki wazi muda wote, sehemu ya maji yanazunguka bila kupozwa, na siku ya foleni ndefu na AC unachemsha. Siku zisizo na foleni injini inakimbia baridi na inakula mafuta. Ya kwako kama ilishatolewa, irudishwe wakati wa kubadili pampu, kazi iko jirani.

Jambo la mwisho la usalama, kwa sababu gari ndogo nyingi hazina geji ya joto, zina taa tu, ya bluu ya baridi na nyekundu ya moto. Ile sensa inasoma maji. Maji yakiisha kabisa inabaki hewani na inaweza isikwambie ukweli mpaka injini imeshapinda. Kwa hiyo mpaka upate jibu, chungulia rejeta yenyewe kila asubuhi ikiwa baridi, na tembea na lita mbili za kulanti kwenye buti. Ukiona nyekundu, zima AC, washa hita ya moto mpaka mwisho hata kama utatoka jasho, toka barabarani, zima, subiri mpaka mpira wa juu uwe laini na umepoa ndo ufungue mfuniko. Usimimine maji ya baridi kwenye injini inayotokota, hedi inaweza kupasuka.

Jumamosi fanya hivi: angalia rejeta imejaa au la, pindua mfuniko usome namba na uangalie raba, minya mpira wa juu kabla na dakika mbili baada ya kuwasha, kisha kioo na tochi chini ya puli ya pampu. Jaza kitanki mpaka alama ya juu, weka mstari kwa maka peni, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi, na Jumamosi inayofuata pima umeongeza kiasi gani kwa kikombe cha kupimia. Nitumie hizo namba mbili pamoja na picha ya pale chini ya pampu, nitakwambia ununue nini.